Chupa Mbele ya Buibui

Tangu nistaafu, nikishika chupa yoyote ya kioo, hata ya siki, naigeuza juu chini, naipeleka mbele ya kitu cheusi, nachungulia. Wajukuu wananicheka. Nanyi wauguzi wa wodi ya watoto mlionitaka niandike, mlinicheka vilevile siku zenu za mwanzo, kisha mkafanya kama mimi. Sasa mnataka kujua ilianzaje. Nitasema ninachokumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma chuo cha Kurani huko kwetu Tongoni, kisha madarasa manne ya skuli, basi. Daftari zangu za kazini niliziandika kwa herufi za Kiarabu, maana mkono wangu hapo ni mwepesi zaidi, na siku hizi nusu ya kurasa mwenyewe nazisoma kwa kubahatisha.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mjini Tanga, nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Watu wa kwetu hawakupenda. Shangazi yangu alisema haifai mwanamke mwenye heshima zake kwenda kuosha wanaume asiowajua.

"Ni wodi ya watoto, Shangazi," mume wangu akamwambia. "Mwanamume mkubwa kuliko wote humo ana miaka saba."

"Na huyo wa miaka saba hakui?" akauliza Shangazi. Nikaenda kazini hivyo hivyo.

Mkubwa wa wodi alikuwa Sista, Mzungu mrefu mwembamba aliyejifunza Kiswahili kitabuni, kwa hiyo alikisema sawasawa kuliko sisi wenyewe. Siku ya kwanza aliniangalia tangu utosini hadi miguuni, akanyosha kidole kwenye buibui langu.

"Hili litakaa chumba cha wanawake. Wodini kila kitu ni cheupe."

Ilikuwa kweli. Kuta zilipakwa chokaa, vitanda vilipigwa rangi nyeupe, shuka nyeupe, aproni nyeupe, hata kiti alichokalia Sista kilikuwa cheupe. Nilishinda siku nzima naogopa kugusa. Nilivunja kipimajoto kimoja. Nasema kimoja kwa kuwa daftari linasema kimoja. Moyo wangu unakumbuka viwili.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bwana Mhina, dresa wetu mkubwa wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, Mbondei wa Muheza, mtu mnene mwenye vidole vyepesi. Kama kuna jema lolote mliloliona mikononi mwangu, ni lake; mabaya niliyaongeza mwenyewe. Sindano zetu hazikuwa za kutumia mara moja na kutupa. Tulizichemsha, tukazipitisha waya mwembamba zisizibe, tukazinoa kwenye jiwe dogo kama la kinyozi. Ukimaliza kunoa, unaipitisha kwenye pamba. Ikinasa hata unyuzi mmoja, rudi kwenye jiwe. Bwana Mhina aliweza kunirudisha mara sita, na mara ya sita akasema, "Sasa nusu yake imekwisha kwa kunolewa. Tutamchoma nayo nani, sisimizi?"

Mshipa wa mtoto aliyekonda hauko mkononi, uko kichwani, juu ya sikio. Tulinyoa kipande kidogo cha nywele, tukapapasa. "Fumba macho, Bi Mwanakombo," aliniambia. "Ukiyafumbua utaanza kumwonea huruma, na mkono utatetemeka. Tafuta uzi laini chini ya ngozi. Ukiupata, ndipo ufumbue." Ilinichukua miezi kuupata uzi huo. Wengine walichukua wiki. Naandika hivyo ili nisijipe sifa.

Chupa ya maji ilitundikwa juu, maji yakashuka kwa mpira mwekundu, yakapita kwenye kikombe kidogo cha kioo ambamo uliyaona yakidondoka tone tone. Matone ndiyo kazi. Yakienda mbio, moyo wa mtoto hauwezi kuyabeba. Yakienda polepole, sindano inaziba. Sista alikuwa na saa yenye mshale wa sekunde. Mimi sikuwa nayo, nikahesabu kwa tasbihi, punje moja tone moja, huku yeye akinisimamia na saa yake mpaka nikauzoea mwendo. Alidhani mwanzoni kwamba naleta uradi. Nikamwambia nahesabu. Kusema haki, nilikuwa nafanya yote mawili.

Basi katikati ya miaka hiyo tukaletewa maji mapya. Ya sukari na ya chumvi tulikuwa nayo zamani. Haya yalikuwa ya kuwalisha watoto ambao tumbo limekataa kila kitu, ukitia kijiko vinarudi viwili. Tuliambiwa ni chakula cha kujenga mwili kilichovunjwavunjwa hadi kikafaa kuingia kwenye damu. Rangi yake kama chai ya rangi iliyopoa, na ukifungua chupa kulikuwa na harufu ya mchuzi uliolala. Bwana Mhina akayaita supu ya mshipani, na jina likashika. Hata Sista siku moja aliandika "supu" kwenye ubao, akafuta haraka. Chupa zilikuja chache. Tulizilinda kama mayai.

Hapa ndipo kosa langu linapoanzia. Mtoto mwenye mshipa mmoja ana mlango mmoja tu, na kila dawa inataka kupita mlangoni humo. Baadhi ya dawa nilikwisha kuona zikitiwa ndani ya chupa ya maji ya sukari, nami nikatia kama nilivyoona, na hapakutokea neno. Nikajijengea kichwani kwamba chupa ni sufuria. Mimi nilikuwa mpishi kabla ya kuwa mwuguzi, na kwetu sufuria haikatai: tia bamia, tia samaki, tia pilipili, funika. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Bwana Mhina hakuniambia nitie kila dawa, ila pia hakuniambia nisitie, na sitaki mtu amlaumu kwa jambo ambalo sikumwuliza.

Mtoto mwenyewe alikuwa Hadija, wa miaka mitatu, kutoka Mwera. Bibi yake alimbeba, wakavuka mto wa Pangani, wakapata lori hadi Tanga. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Shingo ilikuwa ngumu kama mti, macho yanakimbia mwanga, na kila alichopewa alikitapika. Mwili wenyewe ulikwisha konda kabla ya homa. Daktari akaandika mambo mawili: supu ya mshipani ya kumshikilia, na salfa ya mshipani ya kuua ugonjwa. Siku mbili tukampa salfa kwa mishipa michache tuliyoibahatisha mikononi, ikapasuka mmoja baada ya mmoja. Tukanyoa upande wa kushoto wa kichwa, ukafa nao. Tukanyoa wa kulia.

Bibi yake alikaa chini kando ya kitanda, mwanamke mdogo mkavu, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayengoja kuitwa jikoni. "Mnamnyoa vipande vipande," alisema. "Akipona atakuja kuniuliza mimi, si nyie."

"Akipona na aulize, Bibi," Bwana Mhina akamjibu. "Nitamjibu mwenyewe."

Asubuhi ya siku ya tatu nilichelewa. Mwanangu wa pili alikuwa anaota jino. Sikupita chumba cha wanawake. Niliingia moja kwa moja wodini na buibui langu, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya meza ya kutayarishia dawa, nikasema nitalitoa kabla Sista hajafika. Nikanawa mikono. Supu ilikuwa imebaki chupa moja, ya mwisho kwenye sanduku. Mshipa wa Hadija ulikuwa umebaki mmoja, juu ya sikio la kulia, Bwana Mhina ameulinda tangu alfajiri kwa maji ya chumvi. Salfa ya asubuhi ilikuwa kwenye bomba la sindano tayari. Nikafikiri: nikiisukuma hii kwenye mshipa, huenda nao ukapasuka, tumekwisha. Nikiitia ndani ya supu itaingia polepole, mtoto hatajua. Nilifanya kwa huruma. Nimewaona watu wengi wakikosea kwa huruma, ndiyo maana sijiamini sana nikiwa na huruma.

Nikachoma mpira wa kizibo, nikatia salfa. Nikatikisa. Nikainua chupa mbele ya dirisha kama tulivyofundishwa. Haikuwa na kitu. Rangi ya chai, ukuta mweupe nyuma yake, safi. Nikageuka kwenda kitandani, na chupa ikapita mbele ya buibui langu pale msumarini.

Niliona unga. Vipande vidogo vyeupe, vyembamba, vinazunguka na kushuka taratibu. Nikarudisha chupa dirishani: hakuna. Nikairudisha kwenye buibui: vimo. Nikasafisha kioo kwa aproni, nikatazama tena. Vimo, na vimeongezeka.

"Bi Mwanakombo," Bwana Mhina akaita kutoka kitandani, "maji ya chumvi yanakwisha huku. Leta."

"Bwana Mhina, njoo uone."

"Nimeshika kichwa cha mtoto. Kuna nini?"

Sikuwa na neno la kidaktari. Neno lililonijia ni la jikoni. "Tui limekatika," nikasema.

Wodi nzima wakageuka. Bwana Mhina akacheka. "Nyie watu wa pwani, nazi mtaiona hata mbinguni. Tui gani? Nimekuona ukiitazama dirishani, nami nimeitazama kutoka hapa. Ni safi. Leta."

Hapo ndugu zangu nilisimama. Nawaambia ukweli wa moyo wangu, ili msinidhanie shujaa. Nilifikiri: macho yangu yamelala vibaya usiku kwa jino la mtoto. Nilifikiri: huyu ametia maji watoto miaka kumi, mimi nani? Nilifikiri: ni chupa ya mwisho, nikisema mbovu mtoto atakaa na njaa, na aliyeiharibu ni mimi. Fikira ya nne ilikuwa kwamba buibui lenyewe halitakiwi kuwapo pale, na nikimleta mtu alitazame nitakuwa nimejishtaki mara mbili. Fikira zote nne zilisema nipeleke chupa. Lakini ule unga ungepita wapi? Ungepita kwenye mpira, kwenye sindano, kwenye kile kimshipa kama uzi, hadi ndani kwa mtoto asiye na pa kuukwepa.

"Sileti," nikasema.

Bibi yake Hadija alikuwa amenyanyuka. Akaja hadi mezani, hakuniomba ruhusa, akasogeza uso karibu na kioo. Nikamshikia chupa mbele ya buibui. Akaitazama muda.

"Limekatika hili," akasema. "Nani katia ndimu kabla ya wakati?"

"Mimi, Bibi."

"Basi usimpe mjukuu wangu." Akarudi kukaa.

Bwana Mhina hakucheka tena. Alimpa bibi kichwa cha mtoto akishike, akaja. Alitazama dirishani, akatazama kwenye buibui, akatazama tena dirishani kama mtu aliyeibiwa. Na hapo ndipo mnielewe kwa nini namheshimu mpaka leo: mtu mwingine angetafuta pa kuficha uso. Yeye alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Nimeona. Nilisema safi, na si safi. Kamwite Sista."

Sista alikuja mbio na viatu vyake vya kutolia. Alichokiona kwanza ni buibui. Nikafungua kinywa nijieleze, akaninyoshea mkono ninyamaze, akachukua chupa. Mbele ya ukuta. Mbele ya buibui. Akauliza nilitia nini, nikamwambia. Akauliza nani aliniambia, nikamwambia hakuna. Akaondoka na chupa, nami nikamfuata hadi chumba cha dawa kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Bwana wa chumba cha dawa alikuwa mpole, haongei sana. Alichukua bilauri mbili. Katika moja akatia maji ya chumvi, katika ya pili akamimina kidogo ile supu kutoka chupa iliyokwisha kutumika jana, mabaki ya chini. Akadondosha salfa katika zote mbili. Ya maji ya chumvi ikabaki kama ilivyo. Ya supu ikageuka mbele ya macho yetu, kama tui kweli.

"Salfa hii ni ya upande wa magadi," alisema. "Supu hii ina uchachu. Dawa inakaa kimya ndani ya maji mpaka ikutane na uchachu, ndipo inarudi kuwa unga. Zote mbili ni nzuri. Ila hazikai nyumba moja."

Nikamwuliza: na mlango ni mmoja, tufanyeje? Akamtazama Sista, Sista akamtazama yeye, nami nikasema kwa sauti ndogo nilichokuwa nakifanya nyumbani nikiwa na sufuria moja na mapishi mawili. Unapika moja, unaosha sufuria, unapika jingine. Sijui kama walikwisha kuwaza hivyo kabla sijasema. Nadhani walikwisha. Sista alitikisa kichwa kuafiki, na tukarudi wodini.

Ndivyo tulivyofanya. Maji ya chumvi kwanza, yaoshe mpira. Kisha Bwana Mhina akasukuma salfa mpya polepole, polepole mno, jasho linamtoka kidevuni, nami nikihesabu kwa tasbihi ili asikimbie. Kisha maji ya chumvi tena. Kisha maji ya sukari, kwa kuwa supu nilikwisha iharibu, na sanduku jipya lilifika baada ya siku mbili. Mshipa ulivumilia. Siku hizo mbili Hadija alikosa chakula kwa sababu yangu. Hakufa, lakini alikikosa, na siku hizo zimo daftarini.

Mchana ule nilipokuwa naondoka nikaenda msumarini kuchukua buibui. Sista alikuwa amesimama mbele yake na chupa mkononi, anajaribu. Chupa safi, chupa yenye chembe moja ya mpira wa kizibo. Chembe ile ilionekana kama nyota.

"Nilisema buibui hili lisiingie wodini," akasema.

"Ndiyo, Sista. Nilichelewa. Nisamehe."

"Sasa nasema lisitoke."

Nikadhani Kiswahili cha kitabuni kimempotea. Akarudia. Alisema kwao hutumia karatasi nyeusi kwa kazi hii, alikwisha iagiza tangu alipofika, haikuja, naye akaisahau. Nalieleza hilo kwa haki: si mimi niliyegundua jambo. Mimi nilichelewa tu kazini nikiwa na nguo nyeusi.

Lakini nitakwendaje nyumbani kupita mitaa ya Ngamiani kichwa wazi? Bibi yake Hadija alikuwa anasikiliza. Akafungua kanga yake moja ya begani, akanirushia. "Chukua, mwanangu. Utaniletea kesho. Wewe nguo yako imepata kazi."

Shangazi alinikuta mlangoni. "Buibui limeibiwa?"

"Limeajiriwa," nikamwambia. Alikaa wiki nzima hasemi nami.

Siku ya sita shingo ya Hadija ililegea. Siku ya saba alimeza uji, ukakaa. Siku ya nane asubuhi tulikuwa wote pale, Sista na daftari lake, Bwana Mhina anafunga sindano, mimi na chupa mbele ya buibui. Mtoto akainua mkono, akajipapasa kichwa upande wa kushoto. Akajipapasa wa kulia. Akakunja uso.

"Bibi," akasema, sauti imekwaruza lakini wodi nzima ilisikia, "nani kanikata nywele?"

Bibi akageuka. Alimnyoshea kidole Bwana Mhina. Na Bwana Mhina, mtu mnene, dresa mkubwa, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Ni mimi, mama. Nisamehe." Hadija akamtazama kwa hasira ya kutosha. "Zirudishe," akasema.

Tulicheka mpaka Sista akavua miwani kufuta macho. Bibi ndiye hakucheka. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikuuliza ni kilio au ni nini. Walirudi Mwera baada ya majuma mawili, Hadija kichwa kimenyolewa chote ili kilingane, ananiagiza nimwambie Bwana Mhina kwamba bado hajamsamehe.

Tangu hapo hakuna chupa iliyopanda kitandani kwetu bila kupita buibuini. Dawa mpya ikija, kwanza bilauri mbili, kisha ndio chupa. Kitambaa cheusi cha pale msumarini kilibadilishwa mara nyingi, Sista akaondoka, Bwana Mhina akastaafu akarudi Muheza, sindano za kunoa zikaisha, chupa za kioo zikaanza kuwa mifuko. Nyie mmevikuta vitu ambavyo sikuvijua, na mengi mnayajua kunishinda. Nilichowaachia ni kidogo: usiamini maji kwa kuwa jana yalikuwa safi, na ukiona kitu usichokuwa na jina lake, kiseme kwa jina la jikoni kwenu, lakini kiseme.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia chai na mandazi, mkasema maneno mazuri ambayo mengine hayakuwa ya kweli. Mlipokwenda kuosha vikombe nilipita kwenye meza ya dawa. Kile kitambaa kilikuwa kimefuliwa mpaka kikageuka rangi ya majivu. Nikainua chupa mbele yake na sikuona vizuri, na sijui kama ni kitambaa au ni macho yangu. Nikavua buibui langu, jipya, la Idi, nikalitundika msumarini. Nikaondoka na kanga zangu mbili, moja kiunoni, moja kichwani.

Jirani yangu Bi Zaina alikuwa anafagia kibarazani. "Haya, Bi Mwanakombo! Buibui liko wapi leo?"

"Kazini," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyestaafu."